Kushuka Melini Kula Chakula cha Mji: Mwongozo Kamili wa Siku Moja Bandarini

Abiria wengi wa meli za kitalii hurudi melini wameshiba, lakini chakula cha mji hawakukionja. Walikula chipsi na piza kwenye mgahawa unaotazamana na lango la bandari, ule wenye menyu ya picha kwa lugha sita. Wengine walifika sokoni wachuuzi wanaosha meza. Wengine walipata mgahawa mzuri kweli, ila walikula jicho likiwa kwenye saa na kuacha nusu ya sahani.

Chanzo ni kimoja. Abiria hupanga siku kwa ratiba ya meli, na mji una ratiba yake ya kula. Mwongozo huu unazikutanisha ratiba hizo mbili.

Mfano tutakaourudia ni Livorno, Italia. Ni bandari ambayo abiria wengi huipita tu wakienda Firenze, na wanaiacha na chakula chake kizuri nyuma yao. Hatua ni zilezile kwa bandari nyingine yoyote.

Jambo moja kabla ya kuanza: saa zote humu zimeandikwa Kiswahili. Ratiba ya meli huandikwa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 17:30 ni saa 11:30 jioni. Andika zote mbili kwenye karatasi yako. Ukiwa na haraka, kusoma saa vibaya ni rahisi kuliko unavyodhani.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi ya chumba cha meli na kitambulisho chenye picha. Bandari nyingi hazikuruhusu kuingia tena bila vyote viwili.
- Nakala ya pasipoti. Fuata maelekezo ya meli kuhusu pasipoti halisi, maana baadhi ya nchi zinataka uwe nayo mkononi.
- Karatasi au picha ya ratiba ya siku ya meli, ile yenye saa ya mwisho ya kupanda na namba ya simu ya wakala wa meli bandarini.
- Saa ya mkononi iliyowekwa saa ya meli. Sababu iko Hatua ya 2.
- Ramani ya mji iliyopakuliwa kwenye simu, inayofanya kazi bila mtandao, pamoja na betri ya akiba.
- Fedha taslimu ya nchi hiyo, noti ndogondogo, na kadi moja ya benki. Kadi ya pili ibaki kwenye kisanduku cha usalama chumbani.
- Kadi ya chakula: karatasi ndogo yenye vitu usivyokula, iliyoandikwa kwa lugha ya mji.
- Sabuni ya karatasi au kipande kidogo cha sabuni, tishu, na chupa ya maji.
- Pakiti mbili za ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini.
- Viatu vya kutembelea vyenye soli isiyoteleza. Sakafu ya soko la samaki huwa na maji siku nzima.

Begi liwe dogo la kuvaa mbele. Begi kubwa linakuchelewesha kwenye mashine ya ukaguzi na linakusumbua katikati ya vichochoro vya soko.

## Hatua ya 1: Jua unashukia wapi hasa

Jina lililo kwenye tiketi mara nyingi si la mji wenye gati. Meli inayotangaza "Roma" inafunga Civitavecchia, kama kilomita 70 kutoka Roma. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Bangkok" mara nyingi ni Laem Chabang, zaidi ya kilomita 100. "Firenze" ni Livorno, na safari ya huko ni zaidi ya saa moja kwenda tu.

Hapo amua. Kama lengo ni chakula, baki kwenye mji wa bandari. Saa tatu ndani ya basi ni saa tatu ambazo huli chochote, na unafika kule mchana wakati kila mgahawa umejaa watalii wenzako. Miji ya bandari ina samaki, ina masoko ya wafanyakazi, na bei zake kwa kawaida ni nafuu. Wanaokwenda kuona makumbusho waende, hilo ni jambo jingine.

Kisha tafuta kwenye ramani vitu vitatu: lango la bandari, soko kuu la chakula, na umbali kati yake. Kwenye bandari za mizigo huruhusiwi kutembea kwa miguu ndani. Livorno ni mojawapo: utapanda basi dogo hadi katikati ya mji, kisha soko kuu la ndani, jengo lililofunguliwa mwaka 1894 kando ya mfereji, liko mwendo mfupi kwa miguu. George Town kule Penang ni kinyume: unashuka gatini na mji uko mbele yako.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja utakavyotoka ngazi ya meli hadi mlango wa soko, na itachukua dakika ngapi.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa ukianzia mwisho

Usianze na saa ya kushuka. Anza na saa ya mwisho ya kupanda, urudi nyuma.

Saa ya mwisho ya kupanda si saa ya kuondoka. Kwa kawaida ni dakika 30 kabla ya meli kung'oa nanga, na bandari nyingine ni saa nzima. Wanaoachwa gatini huwa wamekariri saa ya kuondoka.

Chukua meli inayofunga Livorno saa 2:00 asubuhi na kuondoka saa 12:00 jioni, mwisho wa kupanda saa 11:30 jioni:

1. Kuwa kwenye lango la bandari saa 10:30 jioni. Saa nzima ya akiba ni kwa ajili ya foleni ya ukaguzi, basi lililochelewa, au mvua.
2. Kuwa kwenye kituo cha basi la bandari saa 10:00. Jioni foleni yake ni ndefu kuliko ya asubuhi, kwa sababu asubuhi watu hushuka kwa mafungu na jioni wote hurudi pamoja.
3. Maliza kula saa 9:30 alasiri.
4. Upande wa asubuhi, meli ikifunga saa 2:00, wakaguzi wa nchi hupanda kwanza. Abiria huanza kushuka kama saa 2:45. Mjini unafika saa 3:15.

Kwa hiyo siku ya saa kumi ina saa sita na ushei za kweli. Huo ndio muda wa kupanga, na unatosha kabisa ukiutumia vizuri.

Onyo la kwanza: saa ya meli na saa ya mji zinaweza kutofautiana. Nahodha habadilishi saa ya meli kila bandari. Cozumel, Mexico, haibadilishi saa zake mwaka mzima, huku Florida ikisogeza zake mbele majira ya joto. Meli iliyotoka Miami mwezi wa Julai ikibaki na saa ya Miami, inakuwa saa moja mbele ya mji. Simu yako ikinasa mtandao wa nchi kavu hujirekebisha yenyewe bila kukuambia, nawe unaketi mezani ukiamini bado una saa moja usiyokuwa nayo. Ndiyo maana tunataka saa ya mkononi, na iwe ya kawaida isiyojirekebisha.

Onyo la pili: boti za kushushia. Pale ambapo gati halitoshi, meli hutia nanga nje na abiria husafirishwa kwa boti ndogo. Santorini na Grand Cayman ni hivyo. Ongeza dakika 45 kila upande, na kariri saa ya boti ya mwisho, maana hiyo ndiyo saa yako ya mwisho ya kupanda. Santorini ina mtego wa ziada: kutoka gati la zamani hadi mjini juu ya jabali unapanda kwa gari la kamba au kwa ngazi zinazokaribia 600, na foleni ya kushuka alasiri hula muda kuliko boti yenyewe.

Umefanikiwa ikiwa: una karatasi yenye saa nne tu: kufika mjini, kumaliza kula, kituo cha basi, langoni.

## Hatua ya 3: Isome saa ya mji ya kula

Hapa ndipo siku nyingi huharibika, tena bila mtu kujua kilichotokea.

Soko la chakula ni la asubuhi. Samaki bora huondoka mapema, na masoko mengi ya bara la Ulaya hufunga saa 8 mchana au hata kabla. Migahawa ya Italia hupika chakula cha mchana kuanzia saa 6:30 hadi 8:30, kisha jiko hufungwa hadi usiku. Ukifika saa 9:00 utakuta mlango wazi, mhudumu yupo, na chakula hakuna. Hispania mambo husogea mbele: saa 6:00 mchana jiko halijawa tayari, na wenyeji huketi kuanzia saa 8:00. Kwenye vituo vya wachuuzi vya Kusini-Mashariki mwa Asia kila kibanda kina zamu yake, kimoja cha asubuhi tu, kingine hufungua jua linapozama, wakati wewe uko tena melini.

Angalia pia siku yenyewe:

- Jumapili masoko mengi ya ndani hufungwa. La Boqueria ya Barcelona, kwa mfano, haifungui.
- Jumatatu kwenye pwani za Mediterania boti nyingi hazikwenda baharini Jumapili. Soko likiwa wazi, meza za samaki zinaweza kuwa tupu au na samaki wa Jumamosi. Siku hiyo kula nyama, mboga na vitu vya tanuri.
- Mwezi wa Ramadhani kwenye miji ya Kiislamu, wauzaji wa mchana hupungua sana. Chakula kipo cha kuchukua alasiri, na kinachukuliwa kwa ajili ya futari.
- Sikukuu za kitaifa hufunga kila kitu isipokuwa migahawa ya watalii. Angalia kalenda ya nchi kabla ya safari.

Ukishajua haya, panga milo midogo mitatu: kitu cha kushika mkononi asubuhi sokoni, mlo mmoja wa kuketi mchana, na kitamu au kinywaji kabla ya kurudi. Kwa Livorno hiyo ni *torta di ceci* (mkate bapa wa unga wa dengu) asubuhi, *cacciucco* (mchuzi mzito wa samaki) mchana, kahawa alasiri.

## Hatua ya 4: Usishibe melini

Kunywa chai, kula tunda moja au kipande cha mkate, basi. Kifungua kinywa cha meli ni cha kujihudumia, kimelipiwa tayari, na mkono huenda wenyewe kwenye soseji. Mtu aliyekula sahani mbili saa 1:30 asubuhi hana njaa hadi saa 8, na saa 8 soko limefungwa.

Lakini usishuke na tumbo tupu kabisa pia. Mwenye njaa kali haangalii, anakaa penye kiti cha kwanza, na kiti cha kwanza kiko mkabala na lango la bandari.

Mwenye dawa za kumeza na chakula, au mwenye kisukari, asifuate ushauri huu bila kupanga na daktari wake.

## Hatua ya 5: Toka langoni bila kuchukuliwa

Usibebe tunda, sandwichi wala yai kutoka melini. Nchi nyingi hukataza, na Australia na New Zealand hutoza faini papo hapo hata kwa tofaa moja ulilolisahau kwenye begi.

Nje ya lango utakutana na madereva. Kama umbali ni wa basi la bandari, pita. Kama unahitaji teksi, patana bei kabla ya kufunga mlango, ulize kama ni ya gari zima au ya kila mtu, na usilipie safari ya kurudi mapema.

Kisha tembea dakika kumi bila kununua chochote. Kodi ya pango karibu na gati ni kubwa na wateja wa pale hawarudi kesho, kwa hiyo mpishi wa pale hana sababu ya kujisumbua.

## Hatua ya 6: Soko kwanza, mgahawa baadaye

Sokoni unakwenda kununua kidogo na kusoma sana. Kilichojaa mezani leo ndicho utakachoagiza mchana. Ukiona kila meza ina pweza na ngisi na hakuna jodari hata mmoja, kisha ukakuta jodari kwenye menyu, jua ametoka kwenye friza.

Zunguka soko lote mara moja mikono mfukoni. Mara ya pili ndipo ununue.

Kwenye meza ya samaki, angalia kwa utaratibu huu:

1. Macho yawe yamejaa na maangavu. Yakizama na kuwa na ukungu, samaki amekaa.
2. Mashavu yakiinuliwa yawe mekundu au ya waridi. Rangi ya kahawia ni dalili mbaya. Usimguse samaki wa watu, mwombe muuzaji amfungue.
3. Nyama ikibonyezwa na muuzaji irudi. Shimo la kidole likibaki, nenda meza nyingine.
4. Harufu iwe ya bahari. Harufu kali inayochoma pua si ya samaki wa leo.
5. Kome na chaza wawe wamefunga. Aliyefunguka akigongwa na asijifunge, amekufa.

Hununui samaki mbichi, kweli, huna jiko. Lakini muulize muuzaji yule mwenye samaki bora ni mgahawa gani unanunua kwake. Swali hilo lina thamani kuliko orodha yoyote ya kwenye simu. Likiwa gumu kwa lugha, onyesha samaki, fanya ishara ya kula, na onyesha mtaani.

Mlo wa kwanza uwe hapahapa au jirani. *Torta di ceci* ya Livorno ni unga wa dengu, maji, mafuta na chumvi tu, umeokwa kwenye sinia pana la shaba ndani ya tanuri kali hadi juu unakuwa wa dhahabu na ndani unabaki laini. Hukatwa, hunyunyizwa pilipili manga, na wenyeji huila hivyo au ndani ya mkate. Simama uangalie tanuri: sinia likitoka, ndipo ununue. Iliyopoa inakuwa nzito na mafuta yake yanajitokeza, na wengi wanaosema haina ladha walipewa ya nusu saa iliyopita. Kipande kimoja mgawane wawili, mlo mkubwa bado.

Umefanikiwa ikiwa: ifikapo saa 5:00 umekula kitu kimoja cha moto, una jina la mgahawa mmoja, na bado una njaa.

## Hatua ya 7: Chagua mahali pa kula

Kibanda au mgahawa, vipimo ni vilevile, navyo si usafi wa kitambaa cha meza.

Mzunguko wa chakula. Foleni ya wenyeji maana yake chungu kinaisha na kupikwa kingine. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Kiwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60. Huna kipimajoto, kwa hiyo tafuta mvuke: chakula kinachotoa mvuke, kimetoka motoni mbele ya macho yako.

Mikono. Anayeshika pesa asiwe ndiye anayeshika mkate, au awe na koleo. Ubao wa nyama mbichi usiwe ndio unaokatiwa nyanya.

Urefu wa menyu. Jiko dogo lenye sahani themanini linaendeshwa na friza. Ubao wenye vitu sita vilivyoandikwa kwa chaki, kimoja kimefutwa kwa kuwa kimeisha, ni habari njema.

Maji. Penye mashaka, acha barafu, saladi na matunda yaliyokwisha kumenywa. Tunda unalolimenya mwenyewe ni salama.

Kuna samaki wawili wa kuwaogopa hata kwenye mgahawa safi, kwa sababu sumu zao haziondoki kwa kupikwa. Wa kwanza ni jodari au vibua waliokaa kwenye joto: mdomo huwasha kama umekula pilipili, uso huwa mwekundu, moyo hudunda, ndani ya dakika chache hadi saa moja. Ukihisi mwasho huo kwenye tonge la kwanza, acha sahani. Wa pili ni samaki wakubwa wa miambani kwenye Karibi na Pasifiki, hasa barakuda na chewa wakubwa. Hawa hawana harufu wala ladha ya kukuonya. Waache tu, agiza samaki wadogo au wa bahari kuu.

Chaza mbichi ni bahati nasibu kwa mtu yeyote. Kwa mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito au mwenye kinga dhaifu, jibu ni hapana.

## Hatua ya 8: Agiza kwa akili

Ingia jiko linapofunguka, si baada ya saa moja. Livorno ni saa 6:30 mchana. Meza zipo, mhudumu ana muda wa kukueleza, na una nafasi ya kula polepole.

*Cacciucco* ni mchuzi mzito wa samaki wa aina nyingi, nyanya, kitunguu saumu na pilipili, unaomwagwa juu ya mkate uliobanikwa na kupakwa kitunguu saumu. Ndani kuna pweza, ngisi, kome, kamba na samaki wa miamba wenye miiba. Sahani moja ni kubwa. Wawili wakiagiza mbili, moja itarudi jikoni. Agizeni moja na kitu chepesi pembeni, muulize kama wanagawa. Migahawa mingine hukataa, na ni haki yao. Kula kwa mpangilio: pweza na ngisi kwanza wakiwa wa moto, samaki wa miiba katikati kwa utulivu, mkate mwisho ukiwa umenywa mchuzi. Kome ambaye hakufunguka baada ya kupikwa, mweke pembeni.

Onyo kwa wasiotumia pombe: mchuzi huu hupikwa kwa divai nyekundu, na menyu haitaji. Hali ni hiyohiyo kwa michuzi mingi ya pwani za Ulaya. Mafuta ya nguruwe nayo hujificha kwenye maharage, mikate na keki. Ndiyo kazi ya kadi yako ya chakula: iandike "sili nguruwe, mafuta yake, wala chakula kilichotiwa divai", si "mimi ni Mwislamu" peke yake, kwa sababu mpishi hafikirii divai iliyokwisha kuchemka kuwa ni pombe.

Mwenye mzio aandike kitu chenyewe na neno la hatari: "karanga zinaweza kuniua". Aionyeshe jikoni, si kwa mhudumu tu, na abebe dawa yake mwilini.

Kabla hujakubali samaki mzima, soma bei inahesabiwa kwa nini. Italia bei ya samaki mara nyingi ni ya gramu 100. Ukiona 6 na samaki ana gramu 800, bili ni 48. Mwombe mhudumu ampime mbele yako na akutajie jumla. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa bili huanzia, na mgahawa mara nyingi haujadanganya, iliandikwa kwa herufi ndogo.

Ureno kuna jingine: mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa bila kuombwa si zawadi. Ukivila unalipa, ukivikataa vinaondolewa bila kinyongo. Italia ada ndogo ya kuketi huhesabiwa kwa kila mtu, ule mkate usiule.

## Hatua ya 9: Lipa

Omba bili mapema, ukiwa bado na vijiko vitatu. Kusini mwa Ulaya bili haiji bila kuombwa, maana kuileta mapema ni kumfukuza mgeni, na dakika 20 hupotea hapo.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa fedha ya mji au fedha ya kwenu, chagua ya mji. Chaguo la pili linaonekana la upendo, lakini kiwango cha kubadilisha hupangwa na mwenye mashine, na ni kibaya. Vibandani lipa noti ndogo. Ukitoa noti kubwa kwa kitu cha sarafu mbili, ama hakuna chenji ama foleni nzima inakusubiri.

Bakshishi inategemea nchi: Marekani asilimia 15 hadi 20 inatarajiwa, Japani hawaitaki. Chukua stakabadhi, utaona sababu mbele.

## Hatua ya 10: Rudi, na jua kinachoruhusiwa ndani

Karatasi ikisema saa 9:30, simama. Kahawa inywewe karibu na kituo cha basi, si upande wa pili wa mji.

Langoni begi litapita mashine. Kwa kawaida vitu vilivyofungwa kiwandani hupita: biskuti, viungo vikavu, kahawa, chokoleti. Chakula kilichopikwa, nyama, samaki na matunda mabichi huzuiwa. Chupa ya pombe huchukuliwa, ikawekewa jina na kurudishwa siku ya mwisho. Kumbuka pia mpaka wa mwisho wa safari: soseji iliyopita melini inaweza kuchukuliwa na forodha ya nchi unayoshukia. Zeituni na jamu vikiwa na maji mengi vitakusumbua uwanja wa ndege, viweke kwenye begi la mizigo.

## Ukichelewa

Piga simu ya wakala wa meli mara unapojua, hata kama bado una nusu saa. Yeye huzungumza na meli, wewe huwezi. Meli husubiri ziara iliyouza yenyewe, aliyetoka kivyake haisubiriwi. Ikiondoka, mara nyingi pasipoti yako huachwa kwa wakala, na gharama za kuifuata hadi bandari inayofuata ni zako.

Ukishapanda, weka simu hali ya ndege. Mtandao wa simu wa melini huwaka meli ikitoka bandarini na huuzwa ghali.

## Tumbo likiasi

Kuharisha ndani ya saa chache kwa kawaida ni chakula kilichokaa. Kutapika kwa ghafla saa 12 hadi 48 baadaye kunaweza kuwa norovirusi, ambayo huenea haraka melini, na kitakasa mikono cha alkoholi hakiimudu vizuri. Nawa kwa sabuni na maji, kila mara, kabla ya kugusa koleo la chakula cha kujihudumia.

Changanya ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, unywe kidogokidogo. Usinywe dawa ya kufunga choo kama kuna damu au homa.

Ripoti zahanati ya meli. Watu hujificha kwa kuogopa kutengwa chumbani, na kweli utatengwa, mara nyingi siku moja au zaidi baada ya dalili kuisha. Lakini aliyejificha huambukiza wenzake wa meza moja na huchelewa kupata maji ya mshipa akiyahitaji. Nenda na stakabadhi za siku ile: daktari atauliza ulikula nini, wapi na saa ngapi, na zenyewe zina majibu yote matatu.